Kabla ya Kujenga, Tuulize Maji, Upepo na Jua

(Haya ni maneno ya mazungumzo yetu na wahitimu wa kisomo wa Kibiti na Delta ya Rufiji. Yamechapwa ili vikundi viyasome, viyajadili na kuyatenda.)

 

Leo hatukuja na somo la herufi. Herufi mnazijua. Kuhesabu mnajua, na kupima mnajua. Leo tunataka kuuliza: elimu hiyo inaweza kutusaidia nini katika jambo kubwa kuliko yote anayofanya mtu na familia yake, yaani kujenga nyumba?

Tunauliza kwa sababu mnaijua wenyewe. Aprili mwaka 2024 maji yalijaa katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Yakaingia mashambani, yakaingia majumbani, watu wakahama na watoto mgongoni. Kabla watu hawajamaliza kuanika magodoro, tarehe 4 Mei mwaka huo huo kikafika Kimbunga Hidaya upande wa Mafia na pwani yetu. Maji yalikuwa chini, na upepo ukaja juu.

Tangu hapo watu wamejenga tena. Wengine wamejenga vizuri zaidi. Lakini wengine wamejenga nyumba ile ile, mahali pale pale, kwa namna ile ile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hapa tunajenga ukuta kila mara, na ufa hatujautazama.

Basi shauri letu ni hili. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mjenzi aulize maswali matatu. Maji yatafika wapi? Upepo utashika wapi? Jua litaingilia wapi? Nyumba iliyojibu maswali hayo ni nyumba bora, hata kama ni ya udongo. Ambayo haikuyajibu ni mzigo, hata kama ni ya tofali na bati.

SWALI LA KWANZA: MAJI YATAFIKA WAPI?

Tuanze na kuyajua maji yenyewe. Maji yanayopita Utete na Ikwiriri hayakunyesha yote hapa kwetu. Mto Rufiji unakusanya maji ya karibu sehemu moja katika sehemu tano za nchi yote ya Tanzania bara. Ruaha Mkuu unaleta yake kutoka nyanda za juu. Luwegu unaleta yake kutoka kusini. Kilombero unaleta zaidi ya nusu ya maji yote. Kwa hiyo hapa Kibiti jua linaweza kuwaka siku tatu mfululizo, na bado mto ukapanda. Mvua imenyesha Kilombero, lakini mgeni anakuja kwetu.

Watu wa Delta wana jambo la pili. Maji ya mto yanaposhuka yanakutana na bahari. Siku za bamvua bahari inapanda, na maji ya mto yanakosa pa kwenda. Mafuriko yakikutana na bamvua, maji yanapanda zaidi.

Wako wanaosema: "Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, mafuriko yamekwisha." Ndugu zetu, tuseme kweli. Bwawa lilianza kujazwa Desemba mwaka 2022. Bwawa linaweza kushika maji mengi na kuyatoa kidogo kidogo. Lakini bwawa likijaa, lazima lifunguliwe. Tena mvua inayonyesha chini ya bwawa, kati yake na bahari, haipiti bwawani kabisa. Mwaka 2024 bwawa lilikuwapo, na maji tuliyaona. Basi tusikilize matangazo ya redio juu ya kufunguliwa kwa maji, lakini nyumba zetu tuzijenge kama watu wanaojua kwamba maji yatarudi.

Na hapa tusisahau neno moja. Maji ya Rufiji si adui peke yake. Wakulima wa bondeni mnajua mlau. Maji yakishuka mnapanda mahindi katika udongo ulionona, na mnavuna bila mvua. Maji ndiyo yanayoleta rutuba hiyo. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalipopita, Serikali iliwahamisha watu wa bondeni mwaka 1969 na kuwapeleka nchi ya juu upande wa kaskazini wa mto. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji. Nyumba zikawa salama, ila mashamba yalibaki kule kule chini. Ndiyo maana mpaka leo familia nyingi zina nyumba kijijini juu na dungu shambani chini.

Hayo si makosa. Hiyo ni akili. Makosa ni kujenga chini nyumba inayofaa kukaa juu.

TUPIME MAJI KWA MPIRA

Haya, tutajuaje maji yatafika wapi? Njia ya kwanza ni kuwauliza wazee. Waulizeni maji ya mwaka 1968 yalifika wapi, na yale ya mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Andikeni majibu yao katika daftari. Mzee mmoja anaweza kusahau. Wazee watano wakitaja mti ule ule, mna jibu.

Njia ya pili ni kutazama alama. Maji yakikaa siku nyingi yanaacha mstari ukutani au kwenye shina la mnazi. Tafuta mstari wa mwaka 2024 karibu na kiwanja chako. Kisha tumia mpira wa maji, kama mafundi wanavyofanya. Pata mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 10 au 20. Ujaze maji, na uhakikishe hakuna mapovu ya hewa ndani yake. Chomeka kigingi kirefu kiwanjani kwako. Mtu mmoja ashike ncha ya mpira kwenye ule mstari wa mafuriko. Wa pili ashike ncha nyingine kwenye kigingi. Maji hayajui upendeleo. Yatasimama sawasawa pande zote mbili. Yakiwa kwenye mstari kule, weka alama kwenye kigingi hapa. Sasa pima kutoka alama hiyo mpaka chini.

Tuseme umepata sentimita 120. Maana yake, maji ya mwaka 2024 yangekuwa na kina cha sentimita 120 katika sebule yako. Ongeza sentimita 50 za tahadhari, kwa sababu maji yajayo yanaweza kuzidi yaliyopita. Jumla ni sentimita 170. Hapo ndipo pa kuweka sakafu yako, si chini ya hapo.

Mpira huu utumike kwa mahali pa karibu tu, katika mtaa ule ule. Usichukue alama ya kijiji kingine, kwa sababu maji ya mto yanateremka kadiri yanavyokwenda baharini.

Ukishapata namba yako, kuna majibu matatu.

La kwanza, kama maji hayafiki kabisa, au yanafika kifundo cha mguu, inua msingi. Tengeneza tuta la udongo ulioshindiliwa vizuri, kidogo kidogo, kila tabaka likanyagwe na kupigwa. Tuta liwe pana kuliko nyumba, na kingo zake zipandwe majani ili zisimomonyoke.

La pili, kama maji yanafika magotini au kiunoni lakini yanakuja taratibu, jenga dungu.

La tatu, kama mahali ni ukingoni mwa mto, au penye mkondo wa nguvu, usijenge nyumba ya kulala watoto. Mto Rufiji hula ukingo wake. Tena huhama njia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi yalihamia mikono ya kaskazini ya Delta, na watu wa huko waliona maji ya chumvi yakigeuka kuwa matamu. Mto unaoweza kufanya hivyo hauwezi kuzuiwa na nguzo za mtu mmoja. Hapo hama, ujenge juu.

TUSILIDHARAU DUNGU

Tunajua maneno yanayosemwa. "Dungu ni kibanda cha kulindia nguruwe. Nyumba ya heshima ni ya tofali." Ndugu zetu, heshima ya nyumba ni kuamka asubuhi wote mkiwa hai. Desemba mwaka 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi likajaa, na watu wapatao 40 walifariki katika mji ule. Jangwani kulikuwa na nyumba za tofali na bati. Waliookoka wengine walipelekwa Mabwepande, nchi ya juu. Tofali halikuwasaidia, kwa sababu swali la kwanza halikuulizwa.

Babu zetu wa Rufiji walilijibu swali hilo zamani. Waliinua sakafu, wakayaachia maji yapite chini. Sisi tuna kazi ya kuliboresha dungu, si kulionea haya.

Nguzo zichimbiwe chini sana, isipungue kina cha mita moja, kwa sababu udongo wa bondeni ukilowa unakuwa uji. Ncha ya chini ibabuliwe kwa moto mpaka iwe nyeusi nje, ili isiwahi kuoza. Kila nguzo iwe juu ya jiwe bapa au kipande cha zege, isizame.

Sasa tufanye jaribio dogo. Chukueni vijiti vinne. Vifungeni kwa kamba viwe na umbo la dirisha. Sukumeni kona moja. Mnaona? Dirisha limelala. Ongezeni kijiti cha tano, kitoke kona ya chini kwenda kona ya juu ya upande wa pili. Sukumeni tena. Halilali. Basi madungu mengi huanguka kwa kukosa kijiti hicho cha tano. Nguzo hazikuvunjika, zililala. Weka miti ya mshazari katika kila upande wa dungu, chini ya sakafu.

Sakafu iwe ya miti iliyobanana, na mahali pa jiko pawekwe tabaka nene la udongo ili moto usishuke. Ngazi iwe imara na yenye mahali pa kushika, kwa ajili ya watoto na wazee. Na kuta za dungu zisiwe za majani matupu. Tunakumbuka miaka ya 2002 mpaka 2004, simba walipoua watu zaidi ya 30 katika Rufiji, wengine wakiwa kwenye vibanda vya mashambani. Dungu la kulala mtu liwe na ukuta wa miti na mlango unaofungwa.

UKUTA WA UDONGO

Nyumba nyingi zetu ni za miti na udongo. Hatusemi ziachwe. Udongo ni wetu, hauna bei, na ndani yake kuna ubaridi. Lakini udongo hauwezi kusimama ndani ya maji. Maji yakiingia, udongo unamomonyoka, na miti inabaki kama mbavu.

Kwa hiyo sehemu ya chini ya ukuta, kuanzia ardhini mpaka magotini, ijengwe kwa kitu kisichoogopa maji, kama vile mawe, au tofali za kuchoma, au tofali za udongo na saruji. Juu yake ndipo ukandike udongo. Hiyo sehemu ya chini inazuia maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini, ambayo hula ukuta kidogo kidogo kila masika.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha kwa miaka mingi kutengeneza tofali za kufungamana. Udongo wa kichanga, kama ule wa nchi ya juu ya Kibiti, unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali zinamwagiliwa maji na kukaa kivulini siku kadhaa. Hazichomwi, kwa hiyo hazili kuni. Mashine moja inaweza kutumiwa na kikundi kizima kwa zamu.

SWALI LA PILI: UPEPO UTASHIKA WAPI?

Watu wengi wanadhani upepo mkali hulisukuma paa. La. Upepo hulinyanyua. Hupita juu ya paa kwa kasi na kulivuta, na ule ulioingia kwa mlango hulisukuma kutoka ndani. Kwa hiyo uzito wa paa hautoshi. Dawa yake ni kulifunga.

Pwani yetu haipati vimbunga kila mwaka, lakini inavipata. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha minazi na mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi. Mwaka 2024 alikuja Hidaya. Mtoto anayezaliwa leo anaweza kukiona kingine.

Tufunge hivi. Kombamoyo lifungwe kwenye mtambaapanya, si kwa msumari mmoja, bali kwa waya uliozungushwa mara kadhaa. Mtambaapanya ufungwe kwenye nguzo. Na nguzo iwe imechimbiwa. Mnaona mnyororo? Paa limeshika ukuta, ukuta umeshika nguzo, nguzo imeshika ardhi. Ikikosekana pete moja, mnyororo mzima ni bure.

Paa la migongo minne, linaloteremka pande zote, hushindana na upepo vizuri kuliko lile la migongo miwili lenye pembetatu wazi mbele na nyuma. Upenu uwe wa kutosha kuzuia mvua isipige ukuta, kama sentimita 60 hivi. Ukiwa mrefu sana, upepo unapata mahali pa kushika. Kama unataka baraza pana, lipe paa lake mbali na paa kubwa. Upepo ukilichukua la baraza, lisiondoke na la nyumba.

Anayenunua bati asome namba. Hapo elimu yenu ina kazi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Muuzaji anaweza kusema "zote sawa". Mwambie akuonyeshe namba.

Kwa makuti, kanuni ni mwinuko. Kila mita moja unayokwenda ndani kutoka ukutani, paa lipande mita moja. Nyumba ya upana wa mita 6, mgongo wake uwe mita 3 juu ya kuta. Paa la makuti lililolala linakaa na maji, na linaoza upesi.

Na watu wa Delta, ukuta wenu wa kwanza dhidi ya upepo na mawimbi si wa nyumba. Ni mikoko. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko mingine ya aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Boriti za mkandaa na mkoko ni imara, tunazihitaji. Lakini sheria inataka kibali, na akili inataka kiasi. Anayekata mikoko yote ya mbele ya kijiji ili kujengea anauza mlango apate kununua kufuli.

SWALI LA TATU: JUA LITAINGILIA WAPI?

Hapa kwetu joto ni ugonjwa wa kila siku. Mafuriko huja mwaka fulani, lakini joto la Januari na Februari halikosi. Mtoto asiyelala usiku hasomi asubuhi.

Jua linatoka mashariki na kutua magharibi, na asubuhi na jioni linapiga ukuta moja kwa moja. Basi pande fupi za nyumba zielekee mashariki na magharibi, na ziwe na matundu machache. Pande ndefu, zenye madirisha, zielekee kaskazini na kusini. Saa sita mchana jua liko juu, na upenu unatosha kuzikinga.

Na ona bahati yetu! Upepo wetu wa kila siku unatoka pande hizo hizo za madirisha. Kaskazi unavuma kutoka upande wa kaskazini wakati wa joto. Kusi unavuma kutoka upande wa kusini kuanzia masika. Jibu la jua na jibu la upepo wa kawaida limekuwa moja. Weka dirisha kila upande, yatazamane, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Dirisha moja peke yake haliingizi upepo, kwa sababu hauna pa kutokea.

Anayeezeka bati aache nafasi ya hewa kati ya ukuta na paa, aizibe kwa wavu wa kuzuia mbu. Akiweza aweke dari, hata ya mikeka ya ukindu. Bati bila dari na bila nafasi ya hewa ni chungu kilichofunikwa motoni. Makuti hayana shida hiyo, ila yanaogopa moto. Jiko liwe mbali nayo.

Mti wa kivuli upandwe upande wa magharibi, usiwe karibu sana tawi lisije likaanguka juu ya paa.

BATI LINALETA MAJI

Bati lina sifa moja ambayo makuti hayana, yaani kukusanya maji safi. Katika Delta, visima vingi vina chumvi, na akina mama wanapiga makasia kutafuta maji ya kunywa. Tufanye hesabu pamoja. Paa la mita 6 kwa mita 8 ni mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 10 huleta lita 10 kwa kila mita moja ya mraba. Basi 48 mara 10 ni lita 480. Gawanya kwa 20, ambayo ni lita za debe moja. Unapata madebe 24 kwa mvua moja. Hata yakipotea madebe matano, yanabaki 19 ambayo mama hakuyafuata kwa mtumbwi. Maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yaachwe yamwagike. Yanayofuata yakingwe katika pipa lenye mfuniko.

Na choo je? Choo cha shimo kikifurika, kijiji kizima kinakunywa shimo hilo. Ndivyo kipindupindu kinavyoanza. Choo kiinuliwe juu ya tuta, mdomo wake uwe juu ya alama ile ile uliyoipima kwa mpira. Kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa juu wa mteremko.

Ndani ya nyumba, jenga uchaga juu, chini ya paa. Hapo kaa na mbegu za mlau, kadi ya kliniki, vyeti vya shule na karatasi za kiwanja, vyote ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mafuriko hayapigi hodi. Yanaweza kuja usiku, baba yuko baharini akivua kamba, na mama yuko peke yake na watoto. Kwa hiyo mama naye ajue ndoo iko wapi, ngazi iko wapi, na njia ya kwenda juu ni ipi. Tena awe na sauti tangu siku ya kuchagua kiwanja, maana yeye ndiye atakayekuwa ndani maji yakifika.

TUANZE NA NINI?

Tunasikia mkisema: "Haya yote yanataka fedha." Tuyatazame moja moja. Kupima kwa mpira hakuna gharama kubwa, na mpira mmoja unatosha kijiji. Kugeuza uso wa nyumba kuelekea kaskazini au kusini ni bure. Mti wa mshazari ni mti tu. Tuta ni jasho. Kinachotaka fedha ni bati, saruji na misumari. Shauri letu ni kwamba fedha kidogo uliyo nayo isiende kwanza kwenye rangi na milango ya kuchonga. Iende kwenye mguu wa nyumba na kwenye waya wa kufungia paa. Mlango utaununua hata mwakani. Nyumba iliyochukuliwa na maji haina mahali pa kutundika mlango.

Na kazi za jasho tuzifanye kwa ujima. Familia kumi zikishindilia matuta kwa zamu, zinamaliza kabla ya masika. Familia moja peke yake inachoka kwenye tabaka la pili.

TUANDIKE ALAMA

Kuna kazi moja ambayo ni yenu ninyi wahitimu, na mtu asiyejua kusoma hawezi kuwafanyia. Ile mistari ya maji ya mwaka 2024 inafutika. Mtu akisiliba ukuta wake, mstari umekwenda. Mnazi ukianguka, mstari umekwenda. Baada ya miaka kumi kijana atauliza "maji yalifika wapi?", na wazee wataanza kubishana.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na maji yaandikwe. Kila kikundi kichague mahali pasipohama, kama ukuta wa shule, nguzo ya ofisi ya kijiji, au ukuta wa msikiti, kwa ruhusa ya wenyewe. Pigeni mstari kwa rangi mahali maji yalipofika. Andikeni kando yake: MAJI 2024, na urefu kutoka ardhini kwa sentimita. Maji mengine yakija, pigeni mstari mwingine. Mstari huo utamshauri kila mjenzi, hata siku ambayo sisi hatupo.

Mwaka 1973 Watanzania wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Hawakungoja mtu awachimbie. Ndivyo tunavyotaka somo hili liende. Lisiishie gazetini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Maji ya mwaka 2024 yalifika wapi katika kijiji chetu? Ni nyumba ngapi zimejengwa tena chini ya alama hiyo?

2. Ni nyumba gani zilisimama, na zilijengwaje?

3. Kiwanja cha mwenzetu kina alama ya sentimita 85. Sakafu yake iwe juu kiasi gani, tukiongeza sentimita 50? Afanye tuta au dungu?

4. Paa la shule ni mita 7 kwa mita 20. Mvua ya milimita 10 italeta madebe mangapi ya lita 20?

5. Ni nani atanunua mpira, ni nani atatafuta rangi, na mstari utapigwa lini? Andikeni majina na tarehe.

Swali la tano ndilo kubwa. Kikundi kitakacholijibu kabla ya masika kitakuwa kimehitimu mara ya pili.